Mkanda Uliogeuka Lami

Parafujo sita chini ya tumbo lake.
Ya sita imeliwa na kutu, haishiki bisibisi;
nikaibembeleza kwa tone la mafuta na tusi moja dogo,
ikalegea.

Amagasaki, Februari. Dirishani theluji ya majimaji
isiyojua kama inashuka au inaghairi.
Jiko la mafuta ya taa linanguruma
na mimi, Chizuru, mwanamke wa miaka hamsini na miwili,
nimepiga magoti kwenye tatami ya baba
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa,
mbele ya kisanduku chekundu kilichosoma diski za manjano
mwaka ule nilipoanza kumpita mama kwa kimo.

Ndani hakuna mkanda.
Palipokuwa na mkanda pana lami.
Mpira ulizeeka gizani bila kukatika
(afadhali ungekatika),
ukayeyuka, ukajipaka kila gurudumu,
ukawa ulimbo: unanasa pamba, unanasa kidole,
unanasa hata subira.

Vijiti vya pamba arobaini. Spiriti puani.
Weusi ukatoka, ukatoka tena,
mpaka meno ya plastiki yakaonekana, meupe,
kana kwamba hayajawahi kutafuna kitu.

Kaka yangu Nobuaki alikuwa akikizaba kofi ubavuni:
"Soma, mjinga wewe, soma!"
Nacho kikisoma.
Siku hizi anauza bima huko Sendai.
Nimempigia simu; akasema, kitupe.
Nikasema, sawa.

Mkanda mpya ulikuja kwa posta,
bahasha nyepesi hata nikadhani wamenitumia hewa.
Mwembamba kama tambi. Nikauvisha.
Ukateleza.
Nikauvisha.
Ukateleza.
Nikaushika kwa koleo la nyusi, nikabana pumzi,
ukakaa.

Watu hudhani mkanda ndio mwisho wa kazi.
Bado kichwa.
Kichwa huanza safari pembezoni mwa diski,
kikizunguka kuelekea kitovuni kwa njia moja tu,
na kikianza unywele mmoja kabla ya mahali pake
kitasoma, ndiyo, lakini kitasoma upuuzi.
Kosa la ishirini na mbili, ikasema skrini.
Nikageuza kitovu kwa upana wa kucha.
Ishirini na saba.
Nikarudisha nusu ya kucha.
Ishirini na mbili.
Nusu ya nusu.

Baba yuko mlangoni, kikombe mkononi.
Eikichi, miaka themanini na minne,
thelathini na minane kati ya hiyo mbele ya tanuri la chuma;
sikio lake la kulia lilibaki huko huko kiwandani.
Ndiye aliyechomoa waya ukutani kila saa tatu usiku,
tukiwa katikati ya kuruka, tukiwa hewani kabisa:
"Takataka hiyo itawala ubongo!"
Sasa kasimama tu. Haketi. Haondoki.

Kikakoroma.
Mkoromo ule ule! Krrr-tk, krrr-tk,
pua ya mtu aliyelala baada ya kazi halali.
Skrini ikawa buluu, muziki ukaja umepinda,
ukajinyoosha.

Mnara. Popo wa shaba. Nafasi tatu za kuhifadhi.
Ya kwanza: NOBU, ghorofa ya tisa.
Ya pili: CHII, ghorofa ya kumi na nne;
hapo nilichoka, au nilipata rafiki, sikumbuki.
Ya tatu,
herufi nne za katakana, nikazisoma kwa kidole
kama anayejifunza kusoma leo:
E-I-KI-CHI.
Ghorofa ya hamsini. Paani. Funguo zote.

Waya uliochomolewa saa tatu,
nani aliurudisha saa sita?
Na sauti aliizima vipi, tusisikie,
sisi tuliolala nyuma ya mlango wa karatasi?

Nikageuka.
Baba anaitazama theluji kama mtu anayesoma bei.
"Chai imepoa," akasema.

Kisha, akiwa amekwisha kunipa kisogo,
ukumbini, karibu na viatu:
"Ghorofa ya thelathini na moja,
usifungue mlango wa kushoto."